Nisikilizie Hiyo Pedali

6 Februari

Chiriku, mdogo wangu,

Nakuandikia nimekaa kwenye kile kibao cha jikoni ulichokuwa unakilalamikia kwamba kinayumba. Bado kinayumba. Wenye maneno mmeondoka, kibao kimebaki. Huku tu wazima kwa rehema za Mungu. Goti la wifi yako linamsumbua akipanda ngazi, akishuka halimsumbui, sasa sijui ni goti la namna gani. Binti yetu amekuja kukaa nasi kwa muda na wale mapacha wake, na nikuambie kweli, sijawahi kuona watoto wapole kama hawa. Hawalii. Wananitazama, nami nawatazama, tunaelewana. Shemeji hajambo? Mwambie nimemsamehe kwa kuniita mzee mbele za watu.

Najua umepiga simu. Spika ya simu yangu imekufa, watu wanaongea kama wako ndani ya ndoo. Tuandikiane tu, kama zamani ulipokuwa chuo cha ushonaji.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Gitaa langu limezama. Nimebadili nyuzi mara mbili, nimefungua amplifaya nikaisafisha, nimeweka waya mpya, na bado sauti inatoka kama mtu anayeimba ndani ya kabati la nguo na mlango umefungwa. Nikiongeza sauti, mwalimu wa kwaya ananijia baada ya ibada, ananiambia kwa ile adabu yake kwamba nawafunika waimbaji. Nikipunguza, sijisikii kabisa. Sasa kuna maneno ya chini chini kwamba kinanda peke yake kinatosha. Miaka ishirini na miwili, Chiriku. Unanijua, kusali kwa mdomo siwezi, napotea katikati nikaanza kufikiria mbao. Kwa gitaa sipotei. Wakiniondoa pale mbele sitajua nisimame wapi mbele za Mungu.

Fundi redio wa huku ameniambia kuna pedali za gitaa, viboksi vya chuma vya kukanyaga kwa mguu, wanaziita ovadraivu. Zinaipa sauti ukali kidogo, inatokeza mbele bila kupiga kelele. Kuna za bei mbaya, na kuna moja ya kijani ya bei nafuu, na anasema duka la ala lililo mkabala na kibanda chako wanayo. Hiyo bei nafuu ndiyo inayonitia shaka. Nenda ukanisikilizie. Masikio yako nayaamini. Tangu utoto wewe ndiye uliyekuwa ukiniambia uzi umelegea kabla sijamaliza kuupiga.

Kaka yako.


27 Februari

Kaka yangu mpendwa,

Nisamehe kwa kukawia. Shule zimefunguliwa na kila mzazi amekumbuka sare siku ileile. Nimeshona kola mpaka nikifumba macho naziona. Shemeji yako mzima, anasema msamaha ameupokea lakini mzee ni mzee. Goti la wifi nimeliweka kwenye maombi, la kupanda tu, la kushuka liko salama. Na hao mapacha wasiolia mshukuru Mungu, maana wa kwangu walilia mpaka jirani akahama.

Nimekwenda dukani. Muuza ala ni mtu mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi, nikamwambia atakapokuwa na nafasi aje nimfungie vizuri. Nilimwambia sijui chochote ila nimetumwa na kaka yangu anayejua. Akanipa kigoda, akachomeka gitaa, akaiweka ile pedali ya kijani miguuni pangu akasema kanyaga. Nami nikakanyaga kama ninavyojua mimi, mbele nyuma, mbele nyuma, kama niko kwenye cherehani. Sauti ikaja ikakatika, ikaja ikakatika, gitaa likapata kwikwi. Wateja wakageuka. Akaniambia, "Mama, hii haishoni. Kanyaga mara moja, uondoe mguu." Nilicheka mpaka machozi, naye akacheka, tukaanza upya.

Basi yeye akapiga, nami nikafumba macho nikasikiliza kwa ajili yako. Kabla ya kukanyaga, gitaa linasikika safi lakini liko mbali. Ukikanyaga, linakuja. Sijui maneno yenu ya muziki, nitakuambia kwa ya kwangu: ni kama ukanda wa kitambaa kipya unapochanwa kwa mkono, una mkwaruzo lakini umenyooka. Hauraruki hovyo. Na akigusa uzi kwa upole, mkwaruzo nao unapungua, kama unamsikiliza mkono.

Vifundo vya kuzungusha ni vitatu, cha kiasi, cha ukali na cha kung'arisha. Cha ukali usikipitishe nusu, kikipita nusu inakuwa nyuki ndani ya chupa. Makosa yake ni haya. Vifundo vinalegalega kidogo, rangi itabanduka upesi, na akiacha kupiga kuna mngurumo mdogo unabaki nyuma. Lakini chuma chake ni kizito, kama pasi ndogo. Akaigeuza akafungua kifuniko cha chini, akanionyesha betri ya mraba. Akasema hii ndiyo roho yake. Ikiisha au isipokuwemo, ukikanyaga, gitaa lote linanyamaza, hakipiti kitu, na taa hii nyekundu haiwaki.

Mimi ningesema inafaa. Ila muuza ala aliniuliza swali moja. Alitaka kujua hilo gitaa limezama kwa kila anayelisikia, au kwa mpigaji peke yake. Nikasema nitakuuliza. Basi ndiyo nakuuliza.

Wako, Chiriku.


2 Aprili

Chiriku,

Usinune kwa ajili ya ukimya wangu. Mapacha wanaota meno, na bado ni wapole vilevile. Wifi yako macho yamemvimba, anasema halali, mimi namwambia ni lile goti.

Kazini wamenipumzisha kwenye msumeno. Meneja anasema umri umekwenda, sasa napanga mbao uani, juani. Unakumbuka nilivyokuwa nakusimulia kwamba mbao yenye msumari ndani, mashine hubadili sauti kabla meno hayajaufikia, na fundi anawahi kuirudisha? Mwezi uliopita ilinipita moja, meno matatu ya msumeno yakavunjika. Mbao za siku hizi hazisemi. Halafu huko uani dereva wa lori akarudi nyuma bila kupiga honi, akasimama shubiri moja tu na mgongo wangu. Akashuka kunitukana yeye. Anaapa alipiga honi mpaka kidole kikamuuma, na wenzangu wote wakamuunga mkono. Watu wanaapa uongo mchana kweupe.

Kwaya, mwalimu amenihamisha, sasa nakaa karibu na mlango. Anasema pale pana hewa. Lakini nimegundua njia yangu, nikiegemeza kidevu kwenye mwili wa gitaa, muziki unapanda vizuri mpaka kichwani. Wifi yako ananiuliza kama naomba chumvi, maana naonekana nalila.

Lile swali la muuza ala ni refu, tutaliongea tukionana. Wewe umeisikia pedali na umesema inafaa. Inunue, uitume. Jumapili zinapita.

Kaka yako.


19 Aprili

Kaka yangu,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Sisi wazima. Shemeji yako amepata jino bovu na analiuguza kama mtu anayejifungua.

Nilimpigia wifi juzi. Usimkasirikie, nilimpigia mimi. Nyuma yake mapacha walikuwa wanalia wote wawili, kama king'ora, ikabidi arudie kila neno mara tatu. Nikamuuliza, hao ndio wasiolia? Nikasikia anafunga mlango, kilio kikapungua. Kisha akasema, "Wifi, muulize kaka yako."

Basi nakuuliza, na wakati huohuo sikuulizi. Nimemkumbuka mama. Unakumbuka miaka yake ya mwisho, ukimuuliza umekula, anakujibu Mungu ni mwema. Ukimwambia nguo zinalowa uani, Mungu ni mwema, na anatabasamu. Tulikuwa tunawaambia wageni mama amekuwa mtu wa sala tupu. Wewe ndiye uliyetuweka chini ukasema huu si utakatifu. Hapa chini nimeandika sentensi nikaifuta, utaona karatasi ilivyochubuka. Hospitali ya mkoa wenu si kuna kliniki ya siku ya Alhamisi? Nimeuliza tu.

Pedali nimenunua. Kabla ya kununua nilimpa muuza ala mgongo, nikamwomba anipigie kwa ya bei mbaya na kwa hii ya kijani bila kuniambia ipi ni ipi. Mara tano. Mara tatu nilikosea. Kwa hiyo usinung'unikie bei nafuu, kwa sikio langu tofauti haipo. Nimeiandaa mwenyewe kwa safari, nikaizungushia mabaki ya flana, nikaipeleka kituo cha mabasi. Ukikanyaga, kanyaga mara moja, uondoe mguu.

Tangu niitume naomba kila asubuhi kabla sijafungua kibanda, na ninachoomba nakionea aibu. Namwomba Mungu gitaa lako liwe ndilo bovu.

Chiriku.


20 Mei

Chiriku wangu,

Leo naandika kwa furaha. Goti la wifi yako limepoa, mapacha wanatambaa, na pedali imefika bila mkwaruzo hata mmoja, flana ile wifi yako ameshaigeuza kitambaa cha meza.

Inafaa. Nimeipiga Jumapili nne mfululizo. Nilichomeka, nikakanyaga mara moja kama ulivyoniagiza, nikaegemeza kidevu, nikafumba macho. Ulisema kweli. Ni kama ukanda wa kitambaa kipya unapochanwa kwa mkono, una mkwaruzo lakini umenyooka. Nikigusa kwa upole, unapungua. Cha ukali sikipitishi nusu.

Na sikiliza hili. Jumapili ya kwanza tu, baada ya ibada, mwalimu wa kwaya alinijia mwenyewe, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Niliona midomo yake inasema leo kwaya imesikika vizuri kuliko mwaka mzima. Waimbaji nao walikuwa wananitabasamia. Hakuna tena aliyeniambia habari ya kuwafunika. Nilirudi nyumbani nikamwambia wifi yako, unaona, lilikuwa ni gitaa. Alikwenda jikoni.

Mungu akubariki kwa masikio yako.

Kaka yako.


8 Juni

Kaka,

Tu wazima. Jino la shemeji yako limeng'olewa.

Nilikuwa natafuta kifungo cheusi kwenye lile kopo langu, mteja amesimama. Nikalimwaga mezani. Katikati ya vifungo kukawa na betri ya mraba.

Unajua kazi yetu. Mashine haisafiri na sindano yake. Hata ukihama nyumba ya pili, kwanza unachomoa sindano, unaihifadhi, ndipo unafunga mashine. Nimefanya hivyo tangu chuoni, mkono wangu hauniulizi. Siku ile nilipoifunga pedali yako niliigeuza, nikafungua kifuniko, nikatoa betri, nikaitia kopo la vifungo. Sikumbuki kufanya hivyo. Lakini betri ninayo hapa, na nyingine sikununua.

Muuza ala alivyosema juu ya pedali isiyo na betri nilikuandikia Februari. Sitarudia.

Nimekaa na betri hii siku tisa. Nilitaka niitume bila maneno. Nilitaka nisiitume, niache Jumapili zako zibaki zilivyo, maana barua yako ya Mei nimeisoma mpaka imelegea kwenye mikunjo. Lakini kila nikiikunja naliona lile lori linarudi nyuma, na wewe umelipa mgongo. Furaha yako nimeithamini, kaka, ila nataka uwe hai.

Na kile kitambaa. Maisha yako yote umeongea mbao. Kitu kizuri kwako ni mninga, kibaya ni ubao wa sanduku. Hujawahi kusema kitambaa hata siku moja. Niliposoma neno langu limerudi kwangu vilevile lilivyotoka, nilijua kabla ya kumwaga kopo. Nikajifanya sijui.

Betri nimeishonea kimfuko, imo ndani ya bahasha. Kosa ni langu. Nisamehe kwa kuitoa, na unisamehe kwa kuirudisha.

Dada yako.


14 Julai

Dada yangu,

Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa kwenye kile kibao, na kwa mara ya kwanza sikukiona kikiyumba. Wifi yako hajambo. Binti na mapacha wamerudi kwao. Walipoondoka niliwaomba msamaha kwa jinsi nilivyowasifu.

Nilifungua kifuniko kwanza, kabla ya kimfuko chako. Kweli, ndani mlikuwa tupu, vile vichuma viwili vinanitazama. Nikakaa nikahesabu Jumapili. Wiki tatu za kungojea barua yako nazo nilipiga. Zote pamoja saba. Jumapili saba nimekaa karibu na mlango nimefumba macho, nalisikia gitaa kwenye kidevu, na kanisani hakuna gitaa. Na ndizo Jumapili ambazo kwaya ilisikika vizuri. Mwalimu aliponishika mkono hakuwa akinidhihaki, nimelifikiria sana hilo. Nadhani alidhani nimeamua mwenyewe kunyamaza, akanishukuru kwa unyenyekevu wangu.

Nilimuuliza wifi yako, wewe unaimba safu ya pili, ulisikia hakuna kitu, kwa nini hukuniambia. Alinigeuza uso kwa mikono yake ili nione mdomo, akasema, "Nilikuona umefurahi." Sikuweza kumgombeza. Mama tulimwacha hivyohivyo miaka miwili, na sisi tulimpenda.

Najua tangu lini, kwa kuwa umeuliza bila kuuliza. Tangu mwaka juzi. Kwanza waliondoka ndege, nikadhani wamekata miti. Kisha kengele ya saa ya mapumziko. Kisha watoto. Nilipokuandikia ukanisikilizie pedali nilikuwa tayari najua, sehemu moja ya moyo, na sehemu nyingine ilikuwa inaomba kama ulivyokuwa unaomba wewe, liwe gitaa.

Kliniki ya Alhamisi nimekwenda. Daktari aliniandikia kwenye karatasi, ni mwanamke mwenye mwandiko mzuri, si kama wengine. Ni msumeno, miaka ishirini na sita ya msumeno, na pengine ni damu ya mama. Ameandika kwamba kilichokufa hakirudi. Kuna kifaa cha kutia sikioni, kitanisaidia kusikia mlango ukigongwa na gari likija, kwa hiyo hilo lori usiliote tena. Nikamwandikia chini yake, na kwaya? Akaichukua kalamu, akaandika, pole baba.

Jumapili iliyopita nilimrudishia mwalimu waya wa kanisa. Alitaka kusema jambo, nikamwonyesha kwa mkono kwamba sihitaji. Nilikaa kwenye benchi la nyuma na watu wengine. Walipoimba niliweka viganja juu ya benchi la mbele yangu. Kuna kitu kinapita kwenye mbao, kidogo. Ni mbao nzuri, mninga. Sikujua niseme nini kwa Mungu, nikakaa tu. Labda na yeye alikaa.

Uliniletea swali la muuza ala, gitaa limezama kwa kila mtu au kwa mpigaji peke yake. Mwambie, kwa mpigaji peke yake. Na mwambie asiache kuiuza ile ya kijani kwa watu wenye haja nayo. Mimi nilitaka kuipimia ubora, sasa nitampimia nani? Uliisikia wewe, ukasema inafaa, basi inafaa. Vifundo vinalegalega kweli.

Betri nimeiweka. Jana mchana, wifi yako akiwa sokoni, nilichomeka nikakanyaga mara moja, nikaondoa mguu. Nilipiga ule wimbo ambao mama alikuwa akiitikia. Sijui umetokaje. Jirani alitokea dirishani, akasimama na kikapu chake mpaka nikamaliza, sikumuuliza kitu.

Taa inawaka, dada. Nyekundu, ndogo, kama tundu la sindano yako. Hiyo naiona.

Kaka yako.